Mstari wa Fedha Zilizofungwa

Mwaka jana nilikuwa naamka na mstari mmoja kichwani: fedha taslimu na zilizoko benki. Ndio uliokuwa mstari wa juu wa mali za muda mfupi kwenye mizania, yaani karatasi ya mali na madeni, ya kampuni iliyoniajiri, na kiasi kilichoandikwa mbele yake kilininyima raha hata nikiwa nasonga ugali. Nilikuwa nimekiandika mimi mwenyewe, kwa kuamriwa, na nilijua kimekosewa.

Kampuni yenyewe ilikuwa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, pembeni mwa mji wa Dodoma, upande wa barabara iendayo Chamwino. Biashara ilikuwa imefunguliwa karibuni. Vyama vya ushirika vilikuwa hoi, na mtu yeyote mwenye lori na mizani aliweza kwenda kijijini kununua mazao. Tajiri yetu alikuwa mzee wa mjini, mtu wa ukoo uliofanya biashara Dodoma tangu enzi za misafara. Sote tulimwita Mzee. Kofia yake ya kufuma haikutoka kichwani saa za kazi, na alikuwa na kumbukumbu ya kutisha: alijua nani alimuuzia magunia mangapi, msimu gani, bila kufungua daftari. Mizania aliisoma mstari mmoja tu, huo huo ulionitesa mimi.

Mimi nilikuwa mhasibu wake, ingawa neno hilo lilinitia aibu kila lilipotamkwa. Sikuwa na cheti. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanitupa, nikabaki kwa shangazi yangu aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Uhasibu nilijifunza kwenye kitabu cha Kiingereza nilichokinunua sokoni kwa muuza vitabu chakavu, nikikisoma huku kamusi iko ubavuni. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko yote. Kila nilipoamua jambo, niliwaza kwamba kanuni yenyewe hasa imo kwenye kurasa nisizozipata, na kwamba siku moja atakuja mtu aliyesoma kitabu kizima, anicheke. Kwa hiyo nilikagua kila jumla, nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikafuta, nikakagua tena. Vijana wa mashineni walisema mimi nikipewa maji ya kunywa nitayapima kwanza.

Tatizo lilianza Mzee alipotaka mashine mpya ya kukamulia kutoka ng'ambo. Benki ilikubali kumkopesha, lakini kwa sharti. Sehemu ya mapato ya msimu uliopita iwekwe kwenye akaunti maalumu kama dhamana, na kampuni isiiguse. Mkopo ulikuwa wa miaka mitatu. Kila mwaka, marejesho yakilipwa bila kuchelewa, benki ingeachia theluthi moja ya ile dhamana. Mkataba huo niliusoma hadi nikawa natembea njiani nikitaja vifungu vyake kimoyomoyo, kama mtoto anayekariri kwa ajili ya kipaimara.

Kwangu mambo yalikuwa wazi. Mstari wa fedha taslimu na zilizoko benki ni wa fedha ambazo kampuni ikizitaka leo inazipata leo. Fedha za dhamana ni mali ya kampuni, hilo halina ubishi, lakini haziwezi kulipa mshahara wala kununua hata gunia moja. Zinatakiwa ziwe na mstari wake peke yake: fedha zilizozuiliwa. Na mstari mmoja hautoshi. Theluthi itakayoachiwa ndani ya mwaka ikae kwenye mali za muda mfupi, maana iko karibu kufunguliwa. Zilizobaki ziende kwenye mali za muda mrefu, zikae na jengo na mashine. Niliandika rasimu hivyo, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikampelekea.

Mzee aliitazama, akachukua penseli, akaviunganisha vile vipande vyote kwa mshale mmoja uliopanda juu.

"Binti, mbona unanikatakata hela zangu kama nyama ya buchani?"

Nilimwambia hizi za dhamana hatuwezi kuzitumia.

"Ni zangu au si zangu?"

"Ni zako, Mzee."

"Ziko benki au haziko?"

"Ziko."

"Basi. Andika."

Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimeshikwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Maswali yake yote nilikuwa nimeyajibu kwa ukweli, na ukweli huo wote ukijumlishwa ulitoa kitu kisicho kweli. Kitabuni hamkuwa na sura ya namna hiyo.

Kesho yake nilirudi kwake na mfano. Kwetu ni upande wa Mtera. Kila mavuno mama yangu alichagua masuke mazuri ya mtama, akayatundika juu ya jiko yapigwe moshi yasiliwe na wadudu. Hayo yalikuwa mbegu. Mwaka wa njaa watu wa serikali walipopita kuuliza kila kaya ina chakula kiasi gani, mama hakuyataja. Yalikuwa yetu, yalikuwa ndani ya nyumba, yalikuwa mtama kabisa, lakini chakula hayakuwa. Nikamwambia Mzee kwamba dhamana ni kitu cha aina hiyo.

Alicheka hadi akavua kofia. Utani baina yake na sisi Wagogo haukuwa na likizo.

"Na njaa ilipozidi, mama yako alifanya nini?"

Hakuningoja nijibu.

"Mlikula. Nyinyi mmekula mbegu mara ngapi? Mkaenda kuomba nyingine kwa jirani, mvua ikanyesha, mpaka leo mpo. Na mimi nikizidiwa nitakwenda kwa meneja wa benki, tutazungumza kama watu wazima."

Kweli tulikula. Mchana kutwa nilimkasirikia mama yangu kwa kuyapika yale masuke, jambo la kipuuzi kabisa, lakini ndivyo nilivyoumbwa.

Pengine ningenyamaza. Mizania za kampuni nyingi husomwa na benki na watu wa kodi, kisha hulala kabatini. Ya kwetu haikulala. Wakulima wa vijiji vya Chamwino walikuwa wameumizwa na ushirika. Walipeleka mazao, wakapewa stakabadhi, wakasubiri malipo hadi stakabadhi zikaliwa na mchwa. Mzee alipofungua kiwanda waliogopa kumwachia hata debe. Ndipo alipobuni utaratibu wake. Kila hesabu zilipokaguliwa, aliuchukua ukurasa wa mbele wa mizania, akautia kwenye fremu ya kioo, akautundika ukutani karibu na mizani ya kupimia magunia. Aliwaambia wakulima wasome wenyewe kama ana uwezo wa kuwalipa. Mwenye kujua kusoma aliwasomea wenzake, kidole juu ya kioo, na kidole hicho kilisimama kila mara kwenye mstari ule ule. Wakitoka hapo wanakwenda kupanga magunia. Nilikuwa nawaona kutoka dirishani kwangu.

Tumaini langu likabaki kwa mkaguzi wa hesabu. Alitoka Dar es Salaam, kijana mwenye suti na vyeti vyote nisivyokuwa navyo, na kila asubuhi alifuta vumbi kwenye kiti kwa leso kabla ya kukaa. Nilimwogopa, lakini niliogopa zaidi aondoke sijasema. Nikamwonyesha mkataba na ile rasimu yangu ya kwanza. Alisoma taratibu, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nyumbani. Akasema niko sahihi: fedha zinafuata kifungo chake, na kifungo kikizidi mwaka mmoja haziwezi kuitwa za muda mfupi.

Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi vile nikiwa ofisini. Furaha ilidumu hadi baada ya chakula cha mchana, alipotoka kuongea na Mzee. Wameafikiana, akanieleza, bila kunitazama usoni. Mstari utabaki mmoja, ila kwenye maelezo ya hesabu, ukurasa wa nyuma, itaandikwa kwamba sehemu ya fedha hizo imezuiliwa na benki hadi mkopo utakapolipwa. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo kanuni. Akasema ndivyo wengi wanavyofanya, cha msingi msomaji aambiwe.

Niliandika maelezo hayo kwa uangalifu mkubwa, nikachagua kila neno ili mkulima akisomewa aelewe. Kisha Mzee akamtuma dereva stesheneri akapige fotokopi ya ukurasa wa mbele. Nilimkimbilia nikamwomba apige na wa nyuma.

"Fremu ina migongo mingapi?" aliniuliza Mzee kutoka kibarazani, na dereva akaondoka.

Msimu ulianza vizuri. Alizeti zilikuwa nzuri, wakulima wakaja kwa mikokoteni na matrekta, na Mzee alikuwa akitamka kila asubuhi kwamba hapa ni fedha mkononi, hapa si ushirika. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mrefu, mjane, aliyeleta mavuno yake yote kwa mkokoteni wa punda. Binti yake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya mkoa wa mbali, na magunia yale ndiyo yaliyokuwa ada, nauli na godoro. Kwanza alikwenda kwenye fremu, akasomewa. Halafu akaja dirishani kwangu, akanisalimu "mbukwa" baada ya kugundua mimi ni mtu wa kwao.

"Mwanangu, wanasema wewe ndiye unayeandika ile karatasi. Hizo hela zipo?"

Nilitazama nyuma kuona kama Mzee yuko karibu. Nikamwambia zipo, ila nyingine zimefungwa benki.

"Zimefungwa?"

"Ndiyo, mama. Ni dhamana ya mkopo. Hazitoki."

Akafikiri kidogo, uso wake ukalegea. "Afadhali. Zikifungwa haziibiwi."

Nilianza kumweleza upya, nikachanganya kifungo, marejesho na theluthi, nikijisikia naongea kama kile kitabu changu. Nyuma yake foleni ikawa inanung'unika. Akaniambia nisijisumbue, ameelewa, akaenda kupima. Aliandikiwa arudi baada ya siku chache kwa sababu fedha za siku ile zilikuwa zimekwisha dirishani. Alipewa stakabadhi. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Aliporudi, akaunti ya kawaida ilikuwa tupu. Mzee alikuwa amenunua kwa kufuata ule mstari wa ukutani, kama wakulima walivyouza kwa kuufuata. Nilikuwa nimemwambia wiki nzima kwamba tunakaribia mwisho, na kila mara alinijibu kwamba fedha ziko benki. Asubuhi hiyo aliandika hundi kubwa, akanikabidhi. Nilimwambia haitalipwa.

"Nenda," alisema.

Nikaenda. Karani wa benki aliichukua hundi, akapotea nyuma, akarudi nayo. Akasema akaunti hii haina fedha za kutosha, na ile nyingine ni dhamana.

"Najua," nilimwambia.

"Sasa kama unajua, dada, umekuja kufanya nini?"

Watu wa foleni walicheka. Nilitamani kumweleza kwamba najua, kwamba nilijua kabla yake, kwamba nina rasimu kwenye droo. Nikasema nimetumwa.

Adhuhuri Mzee alivaa kanzu safi, akaenda mwenyewe kwa meneja. Alipewa chai na maneno mazuri, na hela hakupewa. Mkataba ulikuwa umesainiwa, na meneja hakuwa jirani wa kuombwa mbegu. Aliporudi alisimama mbele ya meza yangu bila kukaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikatoa rasimu, ile yenye mshale wa penseli yake, nikaiweka mbele yake. "Nilikuambia, Mzee. Nimekuambia tangu hesabu zinafungwa."

Hakuitazama.

"Uliniambia habari za mistari," alisema. "Hukuniambia kwamba nitawaaibikia watu."

Nimelitafuna neno hilo hadi leo na sijaweza kulitema wala kulimeza. Lilikuwa la dhuluma, maana mfano wa mbegu nilimpa, na alicheka. Lakini ni kweli kwamba kila nilipoingia ofisini kwake nilizungumzia mahali fedha zinapotakiwa kukaa. Kuhusu watu watakaosimama pale kwenye mizani mikono mitupu sikuwahi kutamka hata mara moja. Mchana ule, sitaficha, ndani yangu kulikuwa na kitu kinachocheza ngoma kwa sababu nilikuwa sahihi, na kilikuwa kinacheza wakati wakulima wamekaa chini ya ukuta na stakabadhi mikononi, kama zamani.

Mzee hakuwakimbia, hilo lazima niliseme. Aliuza mafuta yote yaliyokuwemo kwenye mapipa kwa mfanyabiashara aliyejua ana shida, kwa bei ya kuumiza. Akauza na mashudu ambayo huwa anawawekea wafugaji. Wakulima walilipwa kidogo kidogo. Yule mama alikuja karibu kila siku, anakaa kwenye benchi la nje, hagombi na mtu. Ningependelea agombe. Nilipommalizia malipo yake alizihesabu noti mara mbili, akaniambia binti amepokelewa shuleni, ila alifika amechelewa na nafasi ya bweni amepewa mwingine. Sasa amepangishiwa chumba kwa watu asiowajua, na hela ya godoro imekwenda kwenye kodi.

"Ulisema zimefungwa," aliniambia. "Mimi ndiye sikuelewa."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia kosa si lake. Alikuwa ameshanyanyuka.

Marejesho ya kwanza tulilipa kwa wakati, tukijinyima mengi, na benki ikaachia theluthi yake. Ulipofika wakati wa kufunga hesabu niliandaa mizania mpya. Safari hii Mzee hakubishana na mistari yangu. Fedha zilizozuiliwa zilikaa peke yake, za muda mfupi mbali na za muda mrefu, na ile theluthi iliyofunguliwa niliipandisha juu, kwenye fedha taslimu na zilizoko benki. Nilidhani tumemaliza. Akachukua penseli. Mshale wake sasa ulishuka chini.

Alitaka theluthi ile nayo isomeke imezuiliwa. Alisema hizo ni za wakulima, msimu ujao hapewi mtu stakabadhi. Zikikaa juu ndugu zake watazisoma waanze kuleta shida zao, na yeye mwenyewe atazisoma aanze kupata mawazo. Nikamweleza kwamba haiwezekani. Benki imeshaziachia. Hakuna mkataba unaozifunga. Kinachozifunga ni neno lake tu.

"Na neno langu si kitu?"

Nilitaka sana aweze kulitimiza. Lakini mtu akiweka fedha kando moyoni anaweza kuzitoa moyoni kesho asubuhi, na karani wa benki atamlipa bila swali. Mkaguzi asingekubali, na hata angekubali, mimi ningekosa usingizi. Nikamwambia kama anataka zifungwe, tuzifunge kweli: afungue akaunti ya malipo ya wakulima, hundi zake zisainiwe na watu wawili, yeye na mmoja wa wakulima. Nikamtaja yule mama.

"Mwanamke wa Chamwino aweke saini juu ya hela zangu?"

"Ndiyo, Mzee."

Alinitazama kama aliyeng'atwa na kuku wake. Hakukasirika, ndilo lililonichosha zaidi. Alisema tutaona, akatoka kwenda kuswali.

Basi theluthi ile niliiacha juu, mahali pake. Mzee alisaini. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe mizania yetu ni sahihi kila mstari. Nimeikagua mbele na nyuma, na mkaguzi ameipitisha bila kuomba chochote kiende kwenye maelezo. Nilingoja nipate ile furaha ya mwaka jana, haikuja. Fedha ziko wazi, mtu yeyote anayesoma ataziona, na ni kweli zinatumika. Zinatumika kwa lolote. Mjomba wa Mzee ameanza kuja ofisini na habari za kununua basi.

Sasa alizeti zimeanza kuchanua njia nzima ya Chamwino. Fomu za kufungulia ile akaunti ya wakulima nimeshazichukua benki, nimezijaza kwa penseli panapotakiwa kalamu, ili zikikosewa nifute. Jana nilimuuliza Mzee tena. Aliniambia nimwache kwanza anywe chai.